Drafti Iliyopinda

4 Februari

Kwako Kifungo,

Salamu tele. Mimi mzima, ukiacha goti la kulia ambalo limeamua kuishi maisha yake peke yake. Na wewe je? Kile kifua kilichokusumbua kwenye baridi kimepona? Nijibu hilo kwanza kabla ya mengine.

Picha zako sita zimefika kwenye simu ya jirani yangu muuza vitambaa, maana hii yangu ya kubonyeza haipokei hata sura ya kuku. Amezipeleka zikachapishwa, na sasa nimezibandika ukutani juu ya cherehani. Mteja akiingia lazima azitazame kwanza ndipo nimsikilize shida yake. Nawaambia, huyu ndiye mtoto wa marehemu kaka yangu, nimemlea humuhumu kati ya matambara, akameza kifungo cha koti la mteja, jina likamganda. Na mwezi wa sita anahitimu chuo cha uokaji.

Nguo ya mahafali naishona mimi. Usinitumie vipimo. Miaka thelathini na moja sijamzungushia mtu futi kiunoni. Namtazama mara moja anapoingia mlangoni, nakata. Nawe nimekutazama kwenye picha. Kiuno kimekuwa cha nyigu! Huko kwenye tanuri mnaoka mikate au mnainusa tu? Kitambaa nimeshachagua. Ni drafti, viboksi vidogo vya buluu na vyeupe, kama ile sare yako ya darasa la kwanza uliyokuwa hutaki kuivua hata kulala.

Ule, mwanangu.

Shangazi yako


27 Februari

Shangazi, shikamoo.

Kifua kimepona kabisa. Goti umelipeleka hospitali, au unalitukana tu? Mimi kazini, kwenye bekari ya chuo, nimetolewa kwenye kukanda unga, nimepewa tanuri la pili. Joto lake si la kawaida, lakini mikate ikitoka imevimba sawasawa nafurahi kama mtoto.

Kuhusu nguo. Najua jicho lako halikosei, ila nilikuwa nawaza, nikutumie tu vipimo? Au uiache pana kidogo. Siku hizi watu wanapenda nguo zilizoachia. Ni wazo tu.

Na zile picha, tafadhali, si lazima zikae ukutani.

Kifungo wako


19 Machi

Kifungo,

Marahaba. Goti lipo, linakusalimu.

Barua yako imenikuta nimeshaipiga nguo pasi. Hata ingewahi, ningekata vilevile. Vipimo! Mtoto niliyemvisha tangu ana meno mawili, leo anitumie vipimo kama mteja nisiyemjua. Hizo nguo zilizoachia ni za mafundi wasiojua kukata.

Inakuja na kifurushi hiki. Ivae, simama wima, upigwe picha nzima kuanzia kichwani hadi miguuni. Nina hamu mpaka jirani ameanza kunicheka.

Shangazi yako


14 Aprili

Shangazi mpenzi, shikamoo. Natumaini hujambo, na goti limekuwa na adabu.

Nguo imefika. Nilipofungua kifurushi nilikutana na harufu ya chumba chetu, chaki na mafuta ya cherehani, nikalia kidogo. Imenikaa vizuri sana, kama vile ulinipima. Picha nimemtumia jirani leo asubuhi. Wenzangu wa tanuri wote wanaulizia fundi.

Kifungo wako


11 Mei

Kifungo,

Sijambo. Natumaini nawe hujambo.

Picha nimeiona. Umependeza. Asante kwa kunisifia, najua hukutaka kuniumiza, lakini macho niliyobakiwa nayo yanatosha kuona. Viboksi vya kiunoni vimepinda. Upande wa kushoto mistari inaingia ndani, halafu inatoka tena. Nimeitazama picha hiyo siku tatu. Nilimwomba jirani naye atazame, akaanza kunisimulia bei za vitambaa.

Sijawahi kukata drafti ikapinda, tangu niwe mwanafunzi wa ufundi. Na linalonitisha zaidi si kupinda kwenyewe. Nimeikata, nimeishona, nimeipiga pasi, na sikuona kitu.

Nilikwenda kwa daktari wa macho. Akasema macho ni mazima kwa umri wangu. Nikaona huyu naye hajui kazi yake. Bibi harusi mmoja alikuja na kitambaa chake, nikamrudisha, siwezi kumharibia mtoto wa watu siku yake. Cherehani nimeifunika kwa shuka. Mwisho wa mwezi wa sita chumba namwachia jirani aweke majora yake ya vitambaa.

Usisikitike. Nimeshona vya kutosha. Siku ya mahafali nunua nguo dukani.

Shangazi yako


26 Mei

Shangazi, shikamoo. Nisamehe, leo sitaanza na goti.

Ifunue cherehani. Viboksi havikupindishwa na mkono wako. Nilivipindisha mimi, kwa kidole, kwenye simu. Kuna programu ya kurembesha picha. Unagusa kiuno, unakisukuma ndani, na chochote kilicho karibu nacho kinasukumwa pamoja. Sikuviona viboksi kabisa. Nilikuwa natazama kiuno tu.

Nguo haikufunga, Shangazi. Zipu iligoma katikati ya mgongo. Nikapigwa picha kwa mbele huku nyuma kuko wazi, kisha nikajipunguza. Na zile sita za mwanzo ni hivyo hivyo. Kiuno cha nyigu hakipo, sijawahi kuwa nacho. Ulikata sawasawa na ulichokiona. Mimi ndiye niliyekuonyesha mtu mwingine.

Mwaka wa kwanza huku nilikuwa mpweke sana, na mkate wa moto ndio uliokuwa unanipokea kila siku. Nikanenepa. Mikono ikajaa alama za tanuri. Kazini kila mtu anaweka filta, nami nikaanza na mwanga tu. Nikafuta alama za mikono. Nikapunguza mashavu. Nilijiambia ni kama kupiga pasi, kuna ubaya gani? Kisha ukazibandika ukutani na kuwaita watu waone, nikashindwa kukwambia kuwa uliyembandika si mimi. Kila barua niliyokuandikia nilitaka kusema, na kila barua niliogopa.

Nakurudishia nguo. Usiniamini kwa maneno, weka rula juu ya viboksi. Humu ndani kuna picha mbili, ya mbele na ya nyuma. Sijazigusa. Iliniwia vigumu kuzitia kwenye bahasha.

Tafadhali usitoe chumba.

Kifungo wako


13 Juni

Kifungo,

Marahaba. Na goti ungeliuliza tu, halina kosa.

Nilikasirika. Barua niliiweka chini, nikafagia chumba kizima, nikarudi kuisoma, nikakasirika upya. Mwezi mzima nimekaa mikono mapajani nikijiona mzee, kwa sababu ya kidole chako! Ungekuwa hapa ningekufinya.

Halafu nikaitandaza nguo mezani, nikaweka rula. Nilikwenda kiboksi kwa kiboksi, kutoka kwapani hadi kwenye pindo. Imenyooka. Nililia kwa sauti mpaka jirani akaja mbio akidhani nimefiwa. Baada ya hapo nikamwambia chumba sikitoi tena, nikamtumia bibi harusi ujumbe. Bado alikuwa hajapata fundi, anachagua mno, na mimi wateja wa namna hiyo ndio wangu.

Unasema ulidhani ni kama kupiga pasi. Pasi naijua, bibie. Pasi inanyoosha nguo ileile. Wala mwanga siukatai. Ile picha ya baba yako iliyokuwa imeingia giza, mwenye duka la picha aliiongezea mwanga, nikauona tena mwanya wake wa meno. Yule alinirudishia kaka. Wewe ulinificha mtoto ukaniletea mgeni, nami nikamshonea mgeni nguo.

Sasa hizi mbili nimezitazama. Mashavu ni ya baba yako. Mikono ni ya mtu anayefanya kazi. Bega la kushoto bado linashuka, kama ulipokuwa unabeba mkoba wa shule. Nimekujua kabla sijavaa miwani. Ya mbele iko ukutani. Zile sita nimezigeuza, migongo yake ni mizuri kwa kuchorea kola.

Nguo hiyo hapo. Ulidhani imeshindikana? Umekulia kwa fundi na hukufikiria kuigeuza ukatazama ndani? Kila mshono una kitambaa cha vidole viwili nilichokikunja ndani. Tangu sare ya darasa la kwanza sijakukatia nguo bila kukuachia nafasi ya kuongezeka. Nimefumua, nimeachia, nimeshona upya. Matundu ya mshono wa zamani yanaonekana ukichungulia sana. Sikuyaficha. Atakayechungulia kiasi hicho mwambie hana kazi.

Shangazi yako


28 Juni

Shangazi, shikamoo. Goti je?

Cheti ninacho mkononi. Mpiga picha wa chuo alituuliza nani anataka kusafishwa uso, nikamwambia aongeze mwanga tu, kulikuwa na mawingu. Zimepigwa nyingi, lakini nakutumia moja. Sura yangu haionekani, nilimwomba anipige picha kwa nyuma. Alinishangaa.

Tazama zipu. Imepanda hadi juu.

Kifungo wako