Wazee ishirini na mmoja wamenihama, na safari ya Jipe niliipanga mimi

Alhamisi ya tarehe 12 Juni, saa tatu na dakika kumi asubuhi, nilipoteza wazee ishirini na mmoja kwa mpigo. Mpendwa mshauri, naomba unisome mpaka mwisho, kwa sababu nimeshawaeleza watu wawili hapa Shighatini na wote wawili walicheka kabla sijafika katikati. Wazee wenyewe hawajafa, usishtuke. Ni wazima, wanakula vizuri, na wanacheka kuliko mimi. Wamenihama tu.

Mimi ni mjane wa miaka sitini na tisa. Sikurithi kitu, nilianza kwa kuteremka Mwanga na mikungu ya ndizi kichwani mpaka nikafungua mashine yangu ya kusaga, nikasomesha watoto watatu ambao sasa wote wako mbali, na mume wangu alipofariki mwaka 2020 nilikaa nikapiga hesabu nikaona kwamba katika siku saba za wiki naongea na binadamu siku tatu tu, na moja ya hizo ni Jumapili ambapo anayeongea ni mchungaji. Nikasema hapana. Nikawafuata wazee watatu majumbani mwao, nikaomba ukumbi wa zamani wa kanisa, tukaanza kukutana kila Alhamisi kwa chai ya tangawizi na makande, na leo tuko ishirini na wawili, mdogo ana miaka sitini na mbili na mkubwa themanini na saba.

Sasa shida ilikuwa hii. Mzee Nathanaeli akishika maneno haachii. Siku moja nilimtazamia saa, akazungumzia ng'ombe wake kwa dakika arobaini na sita, na ng'ombe mwenyewe alishauzwa. Akapokea Victoria na goti lake, dakika ishirini na nane. Hao ni watu wawili, dakika sabini na nne, na wengine tumekaa kama tumekuja kusikiliza kesi. Nikahesabu kimyakimya nikakuta kwamba kwa mwezi mzima watu tisa hawakusema lolote zaidi ya salamu, na mmoja wao ni Mzee Tumainieli, ana miaka themanini na tatu, mkewe alifariki mwaka juzi, yeye anafika wa kwanza, anakaa karibu na mlango, anakunywa chai, anaondoka.

Mimi baba yangu alikuwa msimamizi wa ndiva, lile bwawa letu la kijiji linalojaa usiku ili asubuhi maji yafunguliwe kwenda mashambani kwa zamu, na kwa miaka yote aliyosimamia hakuna shamba lililokauka kwa sababu jirani ana mdomo mrefu zaidi. Nikaona dawa ndiyo hiyo. Alhamisi ya kwanza ya Aprili nikatangaza zamu: kila mtu dakika saba za kuongea, watu ishirini na wawili ni dakika mia moja hamsini na nne, yaani saa mbili na dakika thelathini na nne, makande yanaliwa yakiwa moto, hakuna aliyedhulumiwa. Nikategesha simu yangu iwike kama jogoo dakika ya saba ikifika. Walicheka, walipiga makofi, na Nathanaeli mwenyewe alisema sasa tumekuwa kama bunge.

Na ilifanya kazi, mshauri, usiniambie haikufanya kazi. Hata Mzee Tumainieli alifunguka. Alhamisi tisa za mwanzo zamu yake ikifika alikuwa anasema nimefika salama, namshukuru Mungu, anakaa, sekunde kumi na mbili kwa saa yangu. Tarehe 5 Juni akasimama akaanza kutusimulia siku ya harusi yake, jinsi gauni la bibi harusi lilivyoazimwa Kwakoa likaja limepungua mkono, jinsi alivyotembea kwa miguu na viatu ameshika mkononi, mpaka wakafika mbele ya mchungaji, akasema, "Basi mke wangu akanikonyeza, akanisogelea sikioni, akaninong'oneza..." na jogoo akawika. Yeye mwenyewe akasema, "Zamu yangu imeisha, fungeni maji," akakaa. Hakubishana hata kidogo. Ndiyo maana nasema utaratibu ukieleweka watu wanautii. Nikampa zamu Bibi Ernesta, akazungumzia mbolea.

Kilichotokea kati ya tarehe 5 na tarehe 12 sikijui. Tarehe 12 nilipanga viti ishirini na viwili nikakaa. Saa tatu kamili hakuna mtu, saa tatu na kumi hakuna mtu, nikatoka nikafuata njia, na kabla sijafika kwenye kona nikasikia vicheko uani kwa Victoria. Wote walikuwepo. Wanachambua maharage kwenye nyungo, Nathanaeli amesimama katikati na yule ng'ombe wake, na Mzee Tumainieli amekaa katikati ya watu, si mlangoni. Wakaniona. Bibi Ernesta akavuta kigoda akanikaribisha. Nikasema asanteni, napita tu, ingawa njia ile inaishia hapohapo kwa Victoria na wote wanajua.

Kinachoniuma zaidi ni safari. Jumamosi hii tarehe 28 kikundi kinateremka Ziwa Jipe. Hili ziwa tunalitazama toka huku juu tangu tumezaliwa, na kati yetu ishirini na wawili, kumi na sita hawajawahi kufika. Safari niliipanga mimi. Nilikwenda kule mara mbili mwezi wa tano, nikahesabu hatua kutoka gari linapoishia mpaka kwenye kivuli, ni mia moja na arobaini, na kwa mkongojo wa Bibi Ernesta hizo ni dakika tisa. Nikatafuta nyumba yenye choo cha kukaa. Nikauliza mamba wanatokea upande gani. Nikapatana na mama mmoja atukaangie perege. Sasa wanakwenda na mpango wangu wote, na mimi nimeletewa ujumbe na wifi yangu Rogathe Jumapili baada ya ibada. Alisema hivi: "Wifi, kiti chako kipo, cha dirishani. Ila simu ibaki nyumbani, na huko hakuna zamu."

Mimi niliyeanzisha kikundi niende kama mzigo? Nimewaza kukataa. Nimewaza kukodi gari langu siku hiyohiyo niende na wanne watakaonifuata, lakini nikihesabu wa kunifuata sifiki wanne. Na nakiri jambo moja ambalo sijamwambia mtu: namba ya yule mama wa perege ninayo mimi peke yangu, na mpaka leo sijaitoa.

Sitaki methali na sitaki kuambiwa inategemea. Niende au nisiende? Alhamisi tarehe 26 saa kumi na mbili jioni Rogathe anakuja kuchukua jibu, kwa sababu dereva wa kosta, Anold, anataka kujua anabeba wangapi. Kwa hiyo nijibu katika gazeti la Jumatano, neno moja linatosha.

Mama Doreen, Shighatini

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo Mama Doreen. Nenda. Hilo ndilo neno lako moja. Sasa kaa nikugombeze, maana huku ofisini barua yako imesomwa kwa sauti na hata sisi tulicheka kabla ya katikati.

Haki yako nakupa kwanza. Bila wewe, wazee ishirini na mmoja wangekuwa wamekaa kila mmoja na ukuta wake. Wanakwenda na mpango wako kwa sababu ni mzuri; nani mwingine angewaza choo cha kukaa na dakika tisa za mkongojo? Na hawakukufukuza. Walikuvutia kigoda ukapita, wamekuwekea kiti cha dirishani unanung'unika. Mtu anayefukuzwa hapewi dirisha, mama.

Lakini ulikosea, na kosa lako ni la mtoto wa msimamizi wa ndiva. Maji yakizidi kwa Nathanaeli, shamba la Tumainieli linakauka, kwa hiyo lazima yapimwe. Maneno hayako hivyo. Nathanaeli akimaliza dakika zake arobaini na sita hakuna aliyepungukiwa. Ndiyo kwanza Victoria anakumbuka ng'ombe wake, na Ernesta anakumbuka aliyemwibia ndama. Wale hawakuja kugawana muda. Muda wanao mwingi mno, ndiyo ugonjwa uliowatoa nyumbani, na wewe ndiye uliyeugundua kabla yao.

Unasema hujui kilichotokea kati ya tarehe 5 na tarehe 12. Umekiandika mwenyewe, kisha ukakipita kama ulivyopita pale kwa Victoria. Mzee wa miaka themanini na tatu, mfiwa, anafungua mdomo kwa mara ya kwanza, anawafikisha watu mpaka sikioni mwa bibi harusi, na jogoo wako anawika. Halafu mbolea! Mimi ningehama siku hiyohiyo bila kusubiri Alhamisi.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa hesabu, twende kwa hesabu. Alhamisi tisa alitumia sekunde kumi na mbili katika dakika saba. Kila mara aliacha dakika sita na sekunde arobaini na nane. Zidisha kwa tisa: saa nzima, dakika moja na sekunde kumi na mbili. Hiyo ilikuwa akiba yake, na ulimkatia akiwa nayo. Baba yako angemfanyia hivyo mwenye shamba?

Basi fanya hivi. Leo, kabla hujalikunja gazeti hili, mtumie Rogathe namba ya mama wa perege. Kuwaacha wazee na njaa kando ya ziwa lenye samaki ni aibu ambayo haitaisha huko kwenu Ugweno, na moyo wako unajua, ndiyo maana umeikiri. Kesho asubuhi, kabla hajatoka kwenda kwa Victoria, nenda kwa Mzee Tumainieli, mikono mitupu, simu nyumbani. Usimweleze habari za ndiva wala usawa. Mwambie, "Nilikukatiza, nisamehe," halafu nyamaza. Akiongelea mvua, sikiliza mvua. Jioni Rogathe akija, mjibu kwamba unakwenda, na kiti cha dirishani mpe Bibi Ernesta, wewe ukae ubavuni kwa Mzee Tumainieli. Ukiwashwa na kuhesabu, hesabu vichwa wakati kosta inarudi. Kazi hiyo hakuna atakayekunyang'anya, na kwa habari ya mamba uliyonipa, inahitaji mtu makini.

Kuhusu uongozi, usiudai kwenye gari. Alhamisi ya baada ya safari nenda kwa Victoria na ungo wako, uchambue maharage kama wenzako. Wakikuuliza safari nyingine iwe wapi, na watakuuliza, ndipo utoe daftari.

Umenipa tarehe na saa ya kukujibu, nami nimekujibu. Sasa ni zamu yangu kuuliza, na sitaki kuambiwa inategemea. Yule bibi harusi alimnong'oneza mumewe nini mbele ya mchungaji? Asipokwambia kesho, atakwambia ziwani akishiba perege. Jibu nalitaka mezani kwangu Jumatatu tarehe 30, saa nne kamili asubuhi, na usilifupishe.