Mahindi Yaliyooshwa

Kisangani, Jumanne jioni

Rangi ilitoka, sumu haikutoka. Leo nimerudia maneno hayo mpaka koo limekauka, na ni mtu mmoja tu aliyenisikia.

Mwezi uliopita, nikiwa bado mshauri wa serikali juu ya dawa za kilimo, niliandika kwamba mbegu za mahindi zilizopakwa zebaki ya kuzuia ukungu, pamoja na rangi nyekundu ya kuonya, zifungiwe mbali na watu. Mkurugenzi wangu alisema tungoje. Sasa yeye amekimbia, na waasi wamevunja ghala la mbegu hizo.

Asubuhi nilimkuta Mama Zaina, mpishi wao, akiosha mahindi hayo kwenye beseni. Maji yalikuwa mekundu.

"Mama, usipike. Iko sumu."

"Angalia, tonton, mjomba wangu, iko safi sasa."

"Imeingia ndani ya punje, Mama."

Kisha akabeba beseni, akalimwaga lote chooni.

Kamanda wa waasi akafika. "Nani amemwaga chakula ya askari?"

"Ni mimi," Mama Zaina akasema.

"Ni mimi niliyemwambia," nikasema.

Kamanda akacheka. "Bon, sawa. Kesho asubuhi mutakula ile mahindi, ninyi wawili, mbele ya watu wote. Tutaona kama mutakufa."

Hatutakufa kesho. Zebaki huchukua wiki kadhaa kabla mikono haijaanza kutetemeka na macho kufifia. Tutakula, tutasimama wazima mbele yake, naye atagawa magunia yote yaliyobaki, kwa askari na kwa watoto.