Don Naum Aliyeachwa Nje ya Wimbo

Mtaa wa Villa Crespo,
Buenos Aires.
18 Machi 1987

Mpendwa mdogo wangu Salo,

U hali gani huko Haifa? Mgongo umepoa, au bado ndio kisingizio? Sisi wazima, ila shemeji yako Mauricio kakatazwa chumvi na daktari, na sasa kila kijiko cha supu kina hotuba yake.

Purimu, sikukuu yetu ya mizaha, imepita, na nyimbo za vijembe nimetunga mimi tena. Mwaka jana nilimwimba Don Naum, mwenyekiti wa sinagogi, akanuna mpaka Pasaka. Safari hii akaniwahi. "Perla, ukinitaja, piano haifunguliwi. Umenisikia, mama?" Ufunguo wa piano anakaa nao yeye, kwa hiyo nikamwacha.

Siku ya karamu nikawaimba wengine wote kwa tuni zilezile za sala, kama Baba alivyotufundisha. Nikamwimba rabi ambaye mahubiri yake hupoza supu, na muuza nyama anayekupa kuku mmoja na habari za majirani kumi. Nikajiimba na mimi na viazi vyangu vilivyoungua. Don Naum alikaa mbele, suti mpya, mikono kifuani. Mkewe, Doña Clarita, kaniambia baadaye kwamba mzee alikuwa amefanya mazoezi nyumbani ya kuinuka kwa hasira.

Ubeti wa mwisho ukaisha, jina lake halikutoka. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akachukua kofia yake akaenda zake bila hata kuonja biskuti.

Jumatatu ikaja bahasha yenye ufunguo wa piano na kikaratasi: "Purimu huimbwa walio hai. Naona mimi mmeshanizika. Msinitafute."

Ningecheka, Salo, lakini Jumanne ilikuwa kumbukumbu ya kifo cha Baba. Unajua wanaume wa sala ya asubuhi siku hizi ni kumi kamili, na Naum ni mmoja wao. Wakiwa tisa, Kadishi, dua ya marehemu, haisomwi, na Mauricio ndiye humsomea Baba kwa niaba yako. Sikulala. Baba aliyenifunza vijembe akose dua yake kwa sababu ya kijembe nilichokimeza!

Basi asubuhi nikabeba kodiani yangu mpaka chini ya dirisha la Naum, nikaimba:

Naum mwenyekiti wetu,
kwenye kiti habanduki;
akikoroma Sabato,
hata Mungu hasikiki.

Dirisha likafunguka kidogo. "Miaka yangu kumi na tisa ya uenyekiti hujaitaja."

"Haiingii kwenye mizani, Don Naum."

"Iingize. Mtunzi si wewe?"

Nikamtungia wa pili palepale, kuhusu mazoezi yake ya kukasirika. Dirisha likabamizwa. Nikajua nimeharibu. Mara mlango ukafunguka, mzee huyo, mfuko wa shali ya sala kwapani, miguuni viatu bila soksi. Akasema, "Tembea basi. Baba yako hakupenda kungojeshwa."

Kadishi ikasomwa. Naum aliitikia amina kwa sauti kuliko wote, nami nikalia bila aibu. Ufunguo karudishiwa, na kishaanza kututisha nao.

Sasa wewe. Miaka sita hujaja, na mwaka huu niliogopa kukuimba nisije nikakuumiza. Nimejifunza, haya pokea:

Salo wetu wa Haifa,
barua mbili kwa mwaka;
ndege yavunja mgongo,
kwenye dansi waponyeka.

Wasalimie Raquel na mtoto wenu Uri. Clarita anakusalimu, na Mauricio anakuombea ule chumvi nyingi. Mungu akulinde na akunyooshe mgongo.

Ukichukia ubeti, njoo unikemee ana kwa ana, umsomee Baba mwenyewe. Tena wanaume wakiwa kumi na mmoja, Naum ataweza kununa bila kumdhuru mtu.

Ni mimi dada yako nikupendaye, ndiyo maana nakuchokoza,
Perla