Nilisahihisha Neno Moja Kanisani, Nikapewa Mgeni

Mama Clémentine mpendwa,

Ninakuja kwako kuomba msaada, na kabla sijaeleza shida yangu naomba utakapoisoma barua hii redioni ufuate mikato niliyoiweka, kwa maana nimeiweka kwa makusudi. Jina langu nalihifadhi. Itoshe kusema kwamba nilifundisha Kiswahili hapa Kasongo kwa miaka thelathini na minne, na kwamba nusu ya watu wanaokusikiliza asubuhi hii niliwahi kuwarudishia madaftari yenye wino mwekundu.

Yote yalianza kanisani, Jumapili ya pili ya mwezi wa tisa, pale pasta wetu, Blaise, ambaye ni mwanafunzi wangu wa zamani ingawa hilo halionekani, alipomsimamisha mbele yetu mzee mmoja aitwaye Bulaimu, mtu wa upande wa Lusangi huko Kabambare, ambaye wachimbaji walifuata mshipa wa dhahabu mpaka chini ya nyumba yake na nyumba ikaingia shimoni pamoja na kitanda, naye akaja Kasongo kumtafuta mkwewe, akaambiwa mkwe alihamia Kindu zamani, akabaki kulala chini ya meza za soko. Pasta akasema kwamba watu wa msikiti wamemlisha mzee huyu wiki mbili kwa kuwa ni Mwislamu mwenzao, lakini Kristo hakutuambia tuulize mtu anasali wapi ndipo tumfungulie mlango, na sisi wenye vyumba tutajibu nini mbele yake. Yalikuwa mahubiri mazuri, sina neno juu ya maudhui. Kisha akauliza:

"Nani iko tayari kumupokea huyu muzee? Nani iko?"

Watu wakatazama viatu vyao. Akauliza tena, "Nani iko?" na kwa mara ya tatu, "Bandugu, nani iko?" na mimi, Mama, nilivumilia ya kwanza, nikavumilia ya pili, lakini kwa ya tatu mkono ulipanda wenyewe kama ulivyozoea kupanda miaka yote ile, nikasimama, nikasema kwa sauti ya darasani:

"Yuko."

Pasta akashangaa. "Mwalimu? Ni weye?"

"Ndiyo, ni mimi ninayesema. Yuko, wala si iko."

"Mumesikia, bandugu? Mwalimu iko tayari."

"Yuko tayari," nikamsahihisha.

"Amesema mara mbili," akapaza sauti Mama Émérance, kiongozi wa akina mama, na hapo vigelegele vikaanza, wimbo ukafuata, na wimbo ulipokwisha Mzee Bulaimu alikuwa amesimama kando yangu na kifurushi chake, akinishika mkono kwa mikono miwili.

Sasa ni wiki saba. Mke wangu, Régina, ambaye kwa miaka arobaini nilidhani yuko upande wangu, amempenda mgeni kwa sababu amemsukia vikapu viwili na kuutengeneza mlango wa jiko uliokuwa ukining'inia tangu mjukuu wetu wa kwanza azaliwe. Tena mgeni anasali mara tano kila siku, bila kukosa, na Régina ameanza kuniuliza mimi nasali mara ngapi. Usidhani namtesa, Mama. Anakula tunachokula, wali na sombe ya majani ya muhogo, na samaki wa Nyangwe wakipatikana. Analala katika nyumba ya jiko, kule nyuma, kwa sababu chumba cha pili cha nyumba yangu kimejaa masanduku ishirini na sita ya madaftari ya wanafunzi, ambayo nayatunza kama ushahidi.

Siku moja mzee aliniuliza, "Mwalimu, kile chumba iko na nani?"

Nikamwambia, "Chumba kile kina nani."

"Aa. Aksanti. Chumba kile kina nani?"

Akangoja. Alikuwa ameitamka vizuri kabisa. Mimi nikakumbuka kwamba nina shughuli shambani.

Halafu Alhamisi iliyopita mvua ilinyesha mchana kutwa, nami nilikuwa sokoni, na bati la chumba kile likavuja, na mzee, bila kutumwa na mtu, akabeba masanduku yote ishirini na sita, moja moja, akayapanga jikoni juu ya mkeka wake palipokuwa pakavu, kisha yeye akaketi barazani kwenye marasharasha mpaka niliporudi. Kesho yake akapanda juu akaliziba bati. Nilimshukuru, na nikayarudisha masanduku chumbani. Tangu siku hiyo Régina hasemi nami ila kwa kunisahihisha. Na Jumapili ijayo pasta anakuja na wazee wa kanisa kuona mgeni anaishije.

Swali langu ni hili, nami naomba jibu lisilo na mzunguko. Sikusema "niko", ambayo ndiyo nafsi ya kwanza. Nilisema "yuko", nafsi ya tatu, tena kwa ajili ya kusahihisha tu. Je, mbele ya Mungu, nafsi ya tatu inamfunga mtu? Kama haimfungi, naweza kusimama kanisani nikaeleza kosa lilivyotokea, ili mzee atafutiwe mahali pengine, pasipo mimi kuonekana mtu mbaya?

Wako katika usahihi,
Mwalimu mstaafu, Kasongo

*

Mwalimu,

Umelificha jina lako kama mtu anayejificha nyuma ya fimbo. Nilipofika kwenye wino mwekundu, fundi wa mitambo hapa redioni aliketi wima. Hata hivyo jina sitalitaja, na mikato nimeifuata yote.

Pole kwanza. Kumpokea mtu nyumbani si jambo dogo, na mzee wa umri wako aliyezoea utulivu ana haki ya kuchoka. Pia nakusifu kwa jambo moja: chakula hukumbagua. Wapo wanaompa mgeni mabaki na kuyaita sadaka. Hapo pole imekwisha.

Unaniuliza kama nafsi ya tatu inamfunga mtu. Mwalimu, wewe si wa kwanza kujitetea kwa neno moja. Unaikumbuka habari ya kondoo na mbuzi siku ya hukumu. Wale wa kushoto nao walikuwa na neno lao walilolishika, nalo ni "lini". Lini tulikuona huna mahali pa kulala? Kwa sarufi swali lao halikuwa na kosa hata moja. Halikuwasaidia. Wewe huwezi hata kuuliza "lini", kwa maana umeniandikia siku yenyewe: Alhamisi, mchana, mvua ikinyesha.

Tuirudie Alhamisi hiyo, kwa sababu umeipita haraka mno. Saa ile chumba chako kilikuwa kitupu. Miaka yote umesema hakina nafasi, na mtu asiye na nyumba akakitoa kila kitu ndani kwa mikono yake, akayapa makaratasi yako mkeka wake mkavu, yeye akalowa. Ukarudi kutoka sokoni, ukaona chumba kitupu na mzee aliyelowa. Mtoto wa darasa la kwanza angejua la kufanya. Wewe ukarudisha masanduku. Mama Régina anakusahihisha kwa upole kuliko ambavyo ningekusahihisha mimi.

Nawe unasema madaftari hayo ni ushahidi. Ushahidi wa nini, baba? Kwamba watoto wa Kasongo walikosea mwaka wa themanini na tisa? Wamekwisha kuoa. Wengine ni mapasta.

Kuhusu kusimama kanisani kueleza kosa, usithubutu. Utasema "sikujitolea, nilikuwa nikimsahihisha pasta", na Mzee Bulaimu atakuwa ameketi palepale akisikia kwamba makaribisho yote yale, vigelegele vyote vile, vilikuwa ajali ya ulimi. Nyumba yake iliingia shimoni mara moja. Usiichimbie shimo na ya pili. Na usidhani waliotazama viatu vyao siku ile walikuwa na haki kuliko wewe. Wewe mkono wako ulipanda, hata kama ulipandishwa na kiburi. Mungu ameufanyia kazi mkono aliouona. Hakuna mwingine uliokuwa juu.

Fanya hivi. Leo, kabla ya chakula cha mchana, toa masanduku ishirini na matano. Usimwite mzee akusaidie, amekwisha kuyabeba mara moja. Akina mama wanaouza karanga sokoni wanatafuta karatasi za kufungia kila siku. Wape, na makosa ya miaka thelathini na minne yatoke Kasongo yakiwa na karanga ndani. Sanduku moja baki nalo, mtu hawezi kuachishwa yote kwa siku moja. Weka kitanda. Kitanda, Mwalimu, si mkeka. Weka msumari ukutani wa kutundikia nguo zake. Mwulize anaelekea upande gani anaposali, upande huo uuache wazi. Kisha mwombe radhi kwa wiki saba za jikoni, kwa Kiswahili chochote kitakachokujia. Akisema "iko", itikia.

Ukimaliza, mwambie Pasta Blaise amwandikie mkwe kule Kindu, ili mzee ajue ndugu zake walipo. Lakini asije akahamishwa kwa sababu wewe umechoka. Ahame siku atakayotaka mwenyewe.

Sasa nikurudishie daftari lako. Umeniambia kwamba kanisani ulisema "yuko", ukajivunia usahihi wake. Wewe ndiye uliyetufundisha, nami nilikuwa dawati la tatu karibu na dirisha, kwamba "yuko" husemwa kwa mtu aliye huko, mahali tusipopajua vizuri. "Yupo" husemwa kwa aliye mahali tunapopaonyesha. Na kwamba kwa aliye ndani lipo neno lake. Kwa wiki saba Mzee Bulaimu yuko. Yuko nyuma, yuko jikoni, yuko barazani kwenye mvua. Umekuwa sahihi muda wote huo, na hilo ndilo kosa.

Jumapili wazee wa kanisa watakapobisha hodi na pasta akauliza, kwa sarufi yake mbovu, "Mwalimu, muzee iko wapi?", usimsahihishe. Fungua mlango wa kile chumba, umjibu kwa neno moja:

"Yumo."