Mstari Mmoja Juu ya Uongo

Laini za askari, Jumapili mchana

Kwa Baba yangu mpenzi,

Shikamoo Baba, na salamu za amani kwako, kwa Mama, na kwa kila atakayekuwa amekaa sebuleni hapo ukisoma. Goti linaendeleaje? Usiniandikie kwamba ni zuri, maana Fatuma ameshaniambia siku hizi unakata nyama ukiwa umekaa kwenye kiti, na mimi tangu nizaliwe sijawahi kukuona umekaa mbele ya gogo lako. Nenda hospitali. Mimi ni mzima. Joto la huku bado halijaamua kama linanitaka, lakini nakula vizuri na usingizi umerudi.

Barua hii inakuja kwa mkono. Aliyeileta ni mwenzangu wa kazi, na ametoka mbali, kwa hiyo kabla hujaendelea, mwambie Mama ampe chai na kitu cha kula. Habari zake utazikuta humu ndani.

Nimesikia kwamba huko Majengo inasemwa nimefukuzwa kazi, na wengine wameshanifunga. Waambie mimi bado ndiye ninayewafungia watu. Lakini hawakutunga yote, Baba. Kweli nilipata matatizo, na nilikuwa naona haya kukuambia kwa simu.

Unamkumbuka yule Koplo Wawira niliyekuwa nakusimulia, mwanamke wa Kibugu? Ndiye aliyenipokea nilipofika gereza hili nikiwa sijui hata pa kuteka maji. Alinipa godoro lake la akiba, akanifundisha kufunga mkanda usinichune, na kila kifurushi cha majani ya chai alichotumiwa na mama yake, nusu ilikuwa yangu. Wengine walituita watu wa mlima, kwa kuwa sote tumetoka chini ya mlima mmoja. Yeye Muembu na Mkristo, mimi Mwislamu wa Meru mjini, lakini kwao huku sisi ni kitu kimoja.

Mwaka huu mama yake aliteleza akichuma chai, akavunjika nyonga. Wawira aliomba likizo mara tatu. Mara zote sajini wa zamu alimjibu kwamba askari ni wachache, angoje. Akaendelea kufanya zamu mbili kwa siku moja. Akaacha kula na sisi, akawa mkali, akawa anafokea hata mlango. Mimi niliyaona hayo yote na sikumuuliza. Nilijiambia yatapita, nikaendelea kunywa chai yake.

Basi asubuhi moja tulikuwa tukihesabu wafungwa wa kike. Wakati wa hesabu wanachuchumaa wawili wawili, kimya, na hesabu isipokubali unaanza upya. Kuna mama mmoja mzee, tunamwita Nyanya Esta, magoti yake kama yako, hawezi kuchuchumaa haraka. Wawira alikuwa amekosea hesabu mara mbili. Akamkuta Nyanya Esta bado amesimama, akampiga mkononi kwa bunda la funguo. Nilimwona akimpiga mara moja, kisha nikageukia mlangoni kuangalia kama kuna anayekuja. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, Baba. Sikumkimbilia yule mama. Niliangalia mlango.

Vidole viwili vilivunjika. Muuguzi wa zahanati hawezi kumpokea mfungwa aliyeumia bila maelezo kwenye kitabu cha matukio, na siku hiyo kitabu kilikuwa kwangu. Wawira alinijia. Akaniambia, "Zai, andika ameanguka bafuni. Mimi na wewe ni watu wa kwetu." Sajini naye akapita, akasema hapa kazini tunalindana. Nikaandika kwamba mfungwa aliteleza bafuni, nikaweka sahihi.

Sikuweza kula siku mbili. Nilikuwa nakuona wewe na yale maini. Unakumbuka, siku uliyouza kabla mkaguzi hajafika, akaja akakuta ng'ombe ana ugonjwa? Ulifunga bucha ukazunguka Majengo yote nyumba kwa nyumba ukidai maini yako. Mama Rukia alikuwa ameshayatia sufuriani na vitunguu, ukabeba sufuria nzima. Mtaa ulikucheka mwezi mzima, na mimi nilikuonea aibu, nikikuomba angalau usiende na ile aproni yenye damu. Leo ninakuomba msamaha kwa aibu ile.

Siku ya tatu nikakifungua kitabu. Kile kitabu, Baba, hakuna kufuta wala kuchana. Ukikosea unapiga mstari mmoja tu, maneno ya zamani yabaki yakisomeka, na chini yake unaandika sahihisho na sahihi yako. Kwa hiyo uongo wangu upo pale mpaka leo, na kila anayefungua anausoma. Nikaupigia mstari. Nikaandika chini yake: amepigwa kwa funguo na Koplo Wawira, mara moja, na mimi nilikuwepo.

Yaliyofuata sitayarefusha. Nikiingia chumba cha chai, mazungumzo yanakatika. Anayenipokea zamu anachelewa saa nzima na hakuna anayemkaripia. Siku moja niliachwa peke yangu na wanawake sitini, nikaita kwenye redio, nikasikia watu wakicheka upande wa pili. Nilikuwa na hofu, Baba, ya kweli kabisa, na si kwa sababu ya wafungwa. Niliandika barua ya kuacha kazi, nikailaza chini ya godoro. Godoro lenyewe la Wawira.

Kisha mkuu wa gereza akatuita. Walimsikiliza Nyanya Esta kwanza. Yeye alisema alipigwa mara mbili. Wakaangalia kitabu, kinasema mara moja. Wakamuuliza Wawira, akasema ni kama kitabu kilivyosema. Wakakiamini kitabu, maana nani anamwamini mfungwa? Mimi nilisema nilichokiona. Halafu mkuu akamuuliza Wawira kama ana la kuongeza, nadhani alitaka tu kumaliza. Wawira akaanza kueleza habari za mama yake, zile likizo tatu, zile zamu mbilimbili, na jinsi alivyokuwa akiamka asubuhi mikono imekufa ganzi. Alizungumza muda mrefu na hakuna aliyemkatiza. Sajini alikuwa anaangalia kofia yake.

Walimvua cheo, sasa ni konstebo kama mimi. Ilinipasa kufurahi kwamba haki imetendeka, lakini nililia kuliko yeye. Wiki hiyo hiyo alikuja mlangoni kwangu na nusu ya kifurushi cha majani. Akasimama nje, hakutaka kuingia. Akaniambia, "Nilikukasirikia sana, Zai. Lakini ungenyamaza, ningepiga mwingine."

Baada ya hapo mambo yamebadilika kidogo kidogo. Sisi askari wa kike tumejiwekea utaratibu wetu. Ukihisi umechemka, unamwambia mwenzako, "Nishikie funguo," naye anazichukua bila kuuliza kitu, unaenda nje unavuta pumzi mpaka utulie. Mara ya kwanza watu walicheka. Wa kwanza kuzitoa alikuwa mmoja wa wale walionicheka kwenye redio, na mimi ndiye niliyezipokea. Tukitoka gwaride la Ijumaa tunakaa pamoja, kila mtu anasema yaliyomkaba. Sajini alikuja Ijumaa iliyopita, akakaa karibu na mlango, akanywa chai vikombe viwili. Vidole vya Nyanya Esta vimeunga, kimoja kimepinda. Siku hizi anahesabiwa akiwa amekaa kwenye ndoo.

Ile barua ya kuacha kazi nimewashia jiko. Nabaki, Baba. Mwezi uliopita nisingeweza kukuandikia neno hilo.

Sasa geuka umtazame huyo mgeni wako. Ndiye Wawira. Likizo yake imetoka, anaenda Kibugu kwa mama yake, na njia yake inapita hapo. Aliogopa kuja, alidhani mtamfukuza. Nikamwambia wewe ni mtu uliyewahi kubeba sufuria ya watu.

Nilimpa barua hii aisome kabla ya kuibeba, kwa kuwa sikutaka abebe maneno asiyoyajua. Aliisoma polepole. Alipofika pale penye funguo akaweka kidole, akasema nilikuwa nimegeuka kabla hajamaliza. Nyanya Esta alisema kweli. Nilitaka kuandika ukurasa ule upya, akanizuia. Akasema niuache usomeke, na sahihisho likae chini. Akirudi ataenda mwenyewe kwa mkuu, kitabu nacho kiandikwe hivyo, hata kama watamwadhibu tena. Nitakwenda naye.

Nisalimie Mama, mwambie kanga alizotuma nazivaa kila Ijumaa. Msalimie mdogo wangu Yusufu akija likizo kutoka shuleni Kaaga, na dada Fatuma na kibanda chake Nchiru, apunguze kuwapa wanafunzi habari zangu pamoja na chapati. Msalimie jirani yetu Mama Rukia, kama ameshakusamehe yale maini. Niombeeni dua, nami nawaombea.

Ni mimi binti yako,
Zainabu

Mzee, nimesoma yote. Nilimpiga mara mbili.
Wawira