Kitu Angani Kimempigisha Baba Simu

Jumamosi usiku, Sofu

Kumbe sikuota. Baada ya magharibi nilikuwa naanua nguo, nikaona kitu cheupe cha duara kikipita polepole angani, bila mlio, kuelekea Kisarawe. Mume wangu alipotoka, kilishapotea. Akanicheka.

Mara simu ikaita. Baba, kutoka Mzenga! Hakuwahi kunipigia tangu nimkatae mchumba aliyenichagulia, nikaolewa na huyu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mwanangu, umekiona kile kitu?"

"Nimekiona, baba!"

Tukaongea kama zamani. Ni kitu gani, hajui, nami sijui. Halafu akasema, "Njoo na mumeo Ijumaa, niwaonyeshe kilikotokomea."

Mumeo! Nimelia kwa furaha. Mwenyewe ameshaanza kuuliza avae kanzu ipi.