Mshenga Alivyosoma Historia ya Timu ya Lusajo

Erica pokea simu! Haya, basi soma. Nimejificha nyuma ya banda la ng'ombe hapa Igamba, ukweni kwa kaka Lusajo, nacheka mpaka machozi.

Si unaijua ile timu yake ya Komoro, aliyoanza kuishabikia baada ya kununua jezi ya mtumba hapo Tunduma? Leo tumeleta posa ya Imelda. Mshenga wetu, mzee Andongwisye, alimwomba Lusajo amtumie historia ya familia yetu kwenye simu. Lusajo katuma historia ya TIMU.

Na mzee kaisoma yote! Kwa ile sauti yake ya kanisani!

"Ilianzishwa na wavuvi kisiwani. Imetwaa ubingwa mara nne. Imeshuka daraja mara mbili."

Wavuvi, Erica! Sisi wa mahindi!

Lusajo jasho linamtoka, na muoaji haruhusiwi kufungua mdomo mshenga akiongea. Mzee yuko palepale: "Iliwahi kufungwa saba bila majibu, tena nyumbani kwake."

SABA BILA MAJIBU. Nikajua tumekwisha.

Mara bibi yake Imelda akakohoa. "Wote waliokuja hapa walijisifu tu. Hawa wamesema wenyewe walipigwa saba kwao. Hawana cha kuficha. Wapeni mtoto."

Tumepewa!

Sasa baba mkwe kauliza kama ndugu zetu wa kisiwani watakuja harusini. Lusajo, kichaa yule, kaitikia kwa kichwa. Wavuvi tunawatoa wapi, Erica?